Nyusi za Somo

Kabla ya chai na kabla ya kumjibu mtu salamu, Somo alichora nyusi. Alikuwa na kipande cha kioo kilichovunjika pembe, akikiegemeza kwenye ndoo ya maji, ananyoosha shingo, anachomoa kalamu ya wanja kutoka kwenye nywele zake na kuanza na unyusi wa kulia. Nyusi zake za kuzaliwa zilishapotea. Ujanani alizinyoa kwa wembe kama walivyofanya wanawake wa mjini enzi zake, akazinyoa tena na tena hata zikachoka kuota.

"Nilizifukuza, zikasikia," alikuwa akisema. "Bora zingekuwa na kiburi kidogo."

Taabu ya nyusi za wanja ni udhu. Somo hakuwa mtu wa kukosa swala. Akitawadha kwa Adhuhuri, nyusi zinakwenda na maji. Anaswali uso mtupu, anakunja mswala, anarudi kwenye kioo. Alasiri hivyo hivyo, Magharibi hivyo hivyo. Sisi wasichana wa mtaa wake kule Temeke tulijua saa kwa kumtazama usoni. Ukimkuta hana nyusi, ujue adhana haijapita zamani.

Sitamwita kwa jina lake, kwa sababu mtaani hakuna aliyemwita hivyo. Kwetu watu wa pwani, somo ni mwanamke anayekabidhiwa msichana akishavunja ungo, amfunde mambo ya utu uzima, na siku ya harusi ampambe kwa mikono yake. Mimi alinipokea nikiwa mkaidi na mjuaji wa kila kitu. Aliniambia siku ya kwanza kwamba masikio yangu ni mazuri, ila yametengenezwa kwa ajili ya hereni tu.

Kazi yake iliyomtambulisha ilikuwa hina na piko. Hina ni majani, kila mtu anaijua. Piko ni rangi nyeusi ya nywele inayokorogwa mpaka ishike, ili maua ya miguuni kwa bibi harusi yawe meusi tii. Ni nzuri, na ina ubaya wake. Kuna ngozi zisizoipenda, zinavimba na kutoa malengelenge, na bibi harusi akaingia ukumbini akijikuna mbele ya wakwe. Kwa hiyo Somo alikuwa na desturi. Kila alipokoroga piko mpya, aliipaka kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, upande wa ndani chini ya kiwiko, akalala nayo. Ikiwasha, asubuhi anaimwaga yote uani. Mkono ule ulikuwa umejaa madoa ya zamani na mapya, mengine meusi, mengine yamebaki makovu ya rangi ya udongo.

Mama mmoja alimjia mbio, harusi ya binti yake kesho yake.

"Somo, leo hatuna muda wa kujaribu. Mpake tu mtoto, Mungu yupo."

"Mungu yupo, na mimi nipo," Somo akamjibu. "Kama una haraka hivyo, kaolewe wewe."

Alikuwa na imani moja kuhusu urembo ambayo aliirudia mpaka tukaichukia. Kizuri, alisema, lazima kitoke ili kirudi. Hina ikififia ndipo mume anakumbuka kwamba ilikuwepo. Tulimwona mshamba. Nilipokuwa msichana nilitaka vitu vya kudumu.

Mikono ile iliyopamba wanaharusi ndiyo pia iliyoosha maiti za wanawake. Akitoka kuosha, siku hiyo hagusi hina, hata bibi harusi awe ameshakaa mkekani. Na mambo ya chumba cha kuoshea hayakutoka mdomoni mwake. Namkumbuka binti mmoja wa mtaa wa pili aliyefariki ghafla. Ilisemekana alijichora tatuu pajani, jina la mwanamume. Tulipokuwa tukimenya vitunguu vya msibani, wanawake wakamzunguka Somo wakiwa na nyuso za huzuni na macho ya udaku.

"Eti Somo, ni kweli alikuwa na tatuu?"

"Alikuwa na miguu miwili," Somo akasema, akaendelea kumenya. "Nyie mna midomo mingapi?"

Sasa nikimweleza hivyo, msomaji atadhani nilikuwa na mtakatifu jirani. La. Alikuwa mbea wa walio hai. Aliwafunda wasichana staha mchana kutwa, kisha kwenye singo, ngoma ya wanawake ya kumsugua bibi harusi, akaimba nyimbo za kumfanya mpiga ngoma ainamishe uso. Waume wake aliwaacha yeye, na kila mmoja alimsimulia kama mtu anayesimulia kiatu kilichombana. Hakukubali kupigwa picha, lakini hakuna kioo alichokipita bila kusimama, hata kioo cha pikipiki ya bodaboda aliyekuwa akimngoja apande. Kusifu kulikuwa kugumu kwake kama kutoa jino. Nilipofanikiwa maishani nilitaka sifa yake kuliko ya mtu yeyote, na nadhani mambo yote yaliyofuata yalianzia hapo.

Kwa maana nimefanikiwa, na sioni sababu ya kulificha. Nilitoka Temeke na begi moja nikaenda Uarabuni kufanya kazi za ndani. Nilifua, nikapiga deki, nikalea watoto wa watu, na mapumziko yangu nikayatumia darasani. Wenzangu walirudi na mablanketi. Mimi nilirudi na diploma ya urembo na utunzaji wa ngozi, yenye mhuri wa kung'aa, na mashine zangu mwenyewe. Saluni yangu ya Kinondoni ina kiyoyozi, ina viti vya kulalia, na diploma imetundikwa mahali ambapo mteja akilala chali anaiona. Hakuna aliyenishika mkono. Mtu akiniuliza nani alinifungulia njia, namwonyesha viganja vyangu.

Kazi iliyonipa jina ni nyusi za kudumu. Sindano ndogo inaingiza wino chini ya ngozi, unywele mmoja mmoja, mpaka unyusi unaonekana umeota wenyewe. Kwa lugha ya kawaida hiyo ni tatuu. Nilijua tangu darasani kwamba ni tatuu. Lakini ukiandika neno hilo kwenye kibao Kinondoni au Temeke, nusu ya wanawake wazima watapita wakisema astaghfirullah. Dini inakataza, na hata asiyeswali anaogopa siku atakayooshwa. Kwa hiyo kibao changu kiliandikwa PIKO YA KISASA. Wateja wakajaa. Wapambaji wengine wakaiga, na sasa ukitembea barabara ile utaona piko za kisasa kama sita, na zote ni wino na sindano.

Somo alikuja kunitembelea. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka kwa umri, na nyusi zake za wanja hazikuwa tena kazi ya fundi. Siku hiyo mmoja ulikuwa umepanda kama umeshangaa, mwingine umelala usingizi. Aliizunguka saluni akigusa viti, akasimama chini ya kiyoyozi akasema kinampa mafua. Hakusema pazuri.

"Shikamoo Somo. Lala hapa, nikutoe tabu ya wanja maisha yako yote."

"Marahaba. Hiyo si tatuu hiyo?"

"Tatuu ni zile za nyoka na fuvu, Somo, za mabaharia. Hii ni piko ya kisasa."

"Inatoka?"

"Inatoka polepole."

Akaitazama mashine. Akanitazama mimi. Kisha akauliza swali ambalo lilinichekesha siku ile, na ambalo leo halinichekeshi.

"Umeshaijaribu mkononi mwako?"

Nikamwonyesha diploma ukutani. Nilisema siku hizi hatujaribu mkononi, tunasoma. Akaitazama ile karatasi kwa muda, akavua ushungi, akalala.

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Zilitoka nzuri. Nasema hivyo kwa haki ya kazi yangu: sijachora nyusi nzuri kuliko zile, wala sitachora tena. Zilimpunguzia miaka. Alijiangalia mpaka nikaona haya kusimama pale, kisha akaenda bombani, akajimwagia maji usoni kwa viganja vyote viwili, akarudi mbio kwenye kioo.

"Zipo!" akapiga kelele. "Wee! Zipo!"

Akasema nina mkono. Ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa, maneno mawili tu: una mkono. Niliyabeba maneno hayo kama diploma ya pili.

Baadaye zilipofifia nilizikazia. Wino niliokuja nao kutoka ng'ambo ulikuwa umekwisha, nikanunua mwingine dukani mjini, chupa ndogo isiyoeleza kilichomo zaidi ya rangi yake. Karibu wapambaji wote tulikuwa tukiutumia. Sikuupaka kwanza kwenye mkono wangu. Mkono wangu hauna hata doa moja, na nilikuwa nikijivunia hilo.

Uvimbe ulianza chini ya sikio, ukashuka shingoni. Mwanzo alisema ni mitoki ya jino bovu. Akajifunga kitambaa chenye chumvi ya moto, kisha akajifunga mtandio juu yake ili watu wasiulize. Nilipomwona amekonda nikamtia kwenye gari langu nikampeleka hospitali, nikalipia kila kitu, nikiwa na furaha ya mtu anayemlipa mlezi wake fadhila. Walikata kinyama kidogo cha tezi wakaenda kukipima.

Daktari alikuwa binti kijana, mpole, wa bara kwa lafudhi. Tulikaa mbele yake, Somo kwenye kiti, mimi pembeni yake.

"Mama, kile kinyama cha tezi tulichokata kilikuwa cheusi ndani. Tunahitaji kujua weusi umetoka wapi. Una alama yoyote kwenye ngozi, baka jeusi, kidonda kisichopona?"

"Sina."

"Una tatuu?"

"Sina," akasema Somo. "Mie mtu mzima, mwanangu. Mtu wa swala."

Nilielewa papo hapo. Mtu mwenye diploma ya ngozi hawezi asielewe. Wino hautulii wote pale ulipowekwa. Mwili unauokota kidogo kidogo na kuupeleka kwenye tezi za jirani, na tezi za jirani ya nyusi ziko pale pale chini ya sikio na shingoni. Tulifundishwa, nikajibu kwenye mtihani. Nikainamia simu yangu nikajifanya kuna ujumbe. Niliwaza kibao. Niliwaza wateja waliolala kwenye viti vile wakiamini wamepakwa piko. Na daktari, aliyetazama uso ule kwa karibu, alidanganywa na ufundi wangu: zilionekana nyusi za kweli.

Basi wakaanza kutafuta. Weusi kwenye tezi unaweza kuwa saratani ya ngozi iliyosafiri, na hiyo ina chanzo chake, kwa hiyo walikitafuta. Walimpekua nyayo na kucha. Walitenganisha nywele zake kichwani kama mtu anayetafuta chawa. Walimwangalia ndani ya macho, na mahali ambapo mwanamke yule, aliyesitiri miili ya wengine wote, hakutaka kuonwa na mtu. Akatoka kila mara akijifunga kanga upya. Nami nikimngoja kwenye benchi na juisi baridi.

"Wanatafuta nini hasa?" aliniuliza tukiwa njiani.

"Sijui, Somo."

Niliposema sijui mara hiyo ya kwanza, nilikuwa ninajua.

Mwishowe nilirudi peke yangu nikamsimamisha daktari kwenye korido na kumwambia. Hakunikemea. Alifumba macho kidogo, akasema, "Dada, ungesema siku ile." Akaandika, akapiga simu maabara waangalie upya. Weusi ulikuwa wino. Lakini chini ya wino, kwenye tezi ile ile, kulikuwa na saratani ya tezi yenyewe, ambayo weusi ulikuwa umewachelewesha kuitambua vizuri.

Nikamuuliza kama ni wino wangu ulioileta. Nilimuuliza kwa namna nyingi, nikizunguka na kurudi kama mtu anayepatana bei.

"Kwamba wino unafika kwenye tezi, hilo tunalijua," alisema. "Kwamba unaleta saratani, halijathibitika. Kuna watafiti walioona kama kuna uhusiano, kuna ambao hawakuuona. Bado wanaulizana. Na wengi wanaougua ugonjwa huu hawana tatuu hata moja. Kwa huyu mama mmoja, hakuna mtu duniani atakayekuambia ndiyo au hapana."

"Na zile wiki za kutafuta? Zimemdhuru?"

"Hilo pia siwezi kukuambia."

Nilitoka pale nikitamani anitukane. Mtu akikuhukumu unajua kifungo chako ni cha muda gani.

Nilikishusha kibao cha saluni. Kipya kinasema TATUU YA NYUSI, kwa herufi kubwa kama zile za zamani. Mteja akikaa namweleza kilichomo kwenye chupa kama ninakijua, na kama sikijui simpaki. Akiniuliza kuhusu kansa, namwambia alivyoniambia daktari. Wengi wanainuka, wanavuka barabara kwenda kupakwa piko ya kisasa kwa jirani. Nilidhani nikibadili kibao moyo utapungua uzito. Haukupungua. Ulibaki vilevile, saluni ndiyo iliyopungua.

Somo, alipoanza kuwekewa dripu za kansa, alihamia Kimbiji kwa mtoto wa ndugu yake, apate hewa na utulivu. Nilikaa muda mrefu bila kwenda. Nilituma matunda, nilituma mashuka, nilimlipia gari la kumpeleka hospitali na kumrudisha. Kila kitu kilikwenda Kimbiji isipokuwa mimi. Siku niliyokwenda nilivuka daraja la Kigamboni na gari langu, nikaingia kwenye ile barabara ya mashimo na vumbi nikiendesha polepole kuliko ilivyohitajika.

Nilimkuta barazani kwenye mkeka, amejifunga kanga kichwani. Aliponiona akaivua makusudi. Kichwa kilikuwa kitupu, laini kama cha mtoto. Kope hazikuwepo. Dawa ilikuwa imechukua kila unywele aliokuwa nao mwilini. Katika uso ule mdogo zilibaki nyusi tu, zile zangu, nyeusi, zimejipinda vizuri.

"Shikamoo Somo."

"Marahaba, mwari wangu. Umeona? Zote zimenikimbia. Hizi ndizo zimeng'ang'ania."

Nikakaa. Nikaanza kusema habari za barabara. Akanikata.

"Ile siku daktari aliponiuliza, nilikutazama."

Nikaanza kuchokoa ukindu wa mkeka. Akaendelea.

"Nimekoroga piko tangu mama yako hajapata ujauzito wako. Piko gani inapita Ramadhani mbili? Nilijua pale pale ulipowasha mashine. Lakini nilizitaka. Nikasema moyoni, kama ni dhambi, abebe aliyesoma." Akapumzika, akavuta pumzi. "Pale kwa daktari ulimi ulinigomea. Nimewasitiri wangapi, nikashindwa kujifunua mwenyewe. Nikakutazama unisemee. Wewe ukainamia simu."

"Somo, nakuomba..."

"Usiniombe radhi leo. Nimechoka. Ukilia itanibidi nikubembeleze."

Ndani, mwenyeji wake alikuwa akiosha vyombo, tukasikiliza sufuria zikigongana. Kisha Somo akauliza, bila kunitazama, kama mtu anayeuliza bei ya nazi.

"Ni wino wako ulionifanya hivi?"

"Sijui, Somo."

"Hujui?"

"Sijui. Hata daktari hajui."

Akanigeukia, akanitazama vizuri na macho yasiyo na kope. Pembe ya mdomo wake ikacheza kidogo.

"Loo. Tangu nikupokee, leo ndiyo mara ya kwanza kukusikia hujui kitu."

Sikucheka. Hakunilazimisha.

"Wataniosha," akasema, "na wataziona. Wale wanawake wetu unawajua. Watauliza."

"Nitakuwepo. Nitasema ni mimi niliyechora, na nilikuambia ni piko."

"Utasema?"

"Safari hii nitasema."

Hakusema amenisamehe, na mimi sikulitafuta neno hilo. Alipapasa chini ya mto, akatoa kile kioo chake cha pembe iliyovunjika na kalamu ya wanja iliyochongwa mpaka ikawa fupi kama kidole cha mtoto. Akanipa kalamu. Mkia wa unyusi wa kulia ulikuwa umefifia. Sindano yangu haikushika vizuri pale, au mwili ulikuwa umeshaubeba ule wino na kuupeleka unakopeleka.

"Nimalizie huu. Mie mkono hautulii."

Nilimshika kidevu. Uso wake ulikuwa wa moto. Mimi ambaye nimechora nyusi nyingi bila kushtuka, nilikosea mstari kama mwanafunzi, nikafuta kwa mate, nikaanza upya. Ulipokaa sawa alijitazama kwenye kioo, akageuza kichwa huku, akageuza kule. Hakusema nina mkono.

Msikitini wakaadhini Alasiri. Akainuka akinishika bega, akajifunga kanga.

"Sasa maji yataufuta," nikasema.

"Si ndiyo kazi ya maji." Akaanza kujikokota kuelekea uani. "Usiondoke. Nikimaliza kuswali utauchora tena."

Nilibaki mkekani na ile kalamu mkononi, nikisikiliza maji yakimwagika nyuma ya nyumba.